Dirisha la Mhabeshi katika Mji wa Ahmedabad



Katika mji wa Ahmedabad, upande wa magharibi wa Bara Hindi, pana msikiti mdogo uliosimama kwenye njia panda. Motokaa, pikipiki na mikokoteni huuzunguka tangu alfajiri hata usiku wa manane, na mgeni asiyeambiwa aweza kuupita mara kumi asigeuze shingo. Lakini kuta zake zina madirisha ya jiwe lililotobolewa, na moja katika hayo limekuwa alama ya mji mzima. Limechapwa vitabuni, limetiwa katika vitambaa na mikoba inayouzwa sokoni, na chuo mashuhuri cha uongozi wa biashara kilichomo mjini humo kimelichukua kuwa asili ya nembo yake. Mtu aliyeujenga msikiti huo hakuwa Mhindi. Alikuwa mtu wa Afrika, na jina lake ni Sidi Saiyyed.

Dirisha lile halieleweki vema kwa mtu asiyeujua kwanza mji wenyewe. Kwa hiyo inafaa kuanza mtoni.

Ahmedabad umejengwa kando ya mto Sabarmati, katika jimbo la Gujarat. Mwanzilishi wake ni Sultani Ahmad Shah, aliyeanza kuujenga mwaka 1411 na kuhamishia huko makao ya ufalme wake kutoka mji wa Patan. Wenyeji husimulia kwamba siku moja Sultani alikuwa akiwinda karibu na mto huo, akamwona sungura akiwageukia mbwa wa kifalme na kuwakimbiza. Akasema kwamba nchi ambayo sungura wake wana ushujaa wa namna ile ndiyo nchi ya kujengea mji. Hapana awezaye kuithibitisha hadithi hiyo. Lakini wasikilizaji waliolelewa kwa visa vya Sungura na Fisi hawatamshangaa mnyama yule kama alivyoshangaa Sultani.

Gujarat si nchi ngeni kwa watu wa Afrika ya Mashariki, hata kwa wale wasiopata kupanda chombo. Ndiko walikotoka wengi wa Wahindi waliofungua maduka katika miji na vijiji vyetu, na maneno kama gari, laki na chapati yalivuka bahari kutoka pande hizo. Tena biashara hiyo ni ya kale kuliko reli na kuliko Wazungu. Wareno walipofika Malindi mwaka 1498 waliwakuta wafanya biashara wa Kihindi wamekwisha kufika. Vyombo vilikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Vilileta nguo za pamba na shanga nyekundu za akiki kutoka bandari ya Khambhat, ambayo haiko mbali na Ahmedabad, vikachukua pembe za ndovu na dhahabu. Vilichukua watu pia, na habari zao zitafuata.

Jengo la kwanza la Sultani lilikuwa ngome, iitwayo Bhadra. Mbele yake, upande wa mashariki, liko lango la mawe lenye matao matatu, nalo huitwa Teen Darwaza, maana yake Milango Mitatu. Zamani misafara ya mfalme ilipita chini ya matao hayo. Siku hizi hupita wauza nguo, viatu na vyombo vya jikoni, na kelele zao ni nyingi. Lakini mgeni na atafute tundu dogo lililo katika ukuta wa lango. Ndani ya tundu hilo huwashwa taa.

Yasemekana kwamba usiku mmoja Lakshmi, ambaye watu wa dini ya Kihindu humwabudu kuwa mungu wa kike wa neema na mali, alitaka kuuacha mji. Askari wa zamu, Mwislamu, akamtambua, akamwomba angoje pale langoni mpaka yeye apate ruhusa ya mfalme. Lakshmi akaahidi kutoondoka hata askari arudi. Yule askari akaona kwamba kama hatarudi kamwe, basi neema haitatoka kamwe. Akaenda kwa mfalme, akautoa uhai wake. Taa ile ni ya ukumbusho wa ahadi hiyo, na wanaoitunza kizazi baada ya kizazi ni jamaa ya Kiislamu. Mji huu umepata kuona ugomvi mkali wa dini, na damu imemwagika zaidi ya mara moja. Lakini taa bado huwashwa.

Hatua chache kutoka langoni uko Msikiti wa Ijumaa, uliokamilika mwaka 1424. Mgeni huvua viatu, huingia katika ua mpana wa mawe wenye birika la kutawadhia katikati, kisha mbele yake huona msitu wa nguzo. Ziko nguzo 260, na juu yake kuba 15. Hapa ndipo panapofaa kusimama kitambo na kutazama kwa makini, maana siri ya Ahmedabad imo katika nguzo hizo. Sultani alikuwa Mwislamu, lakini waashi wake walikuwa mafundi wa nchi ile ile, ambao baba na babu zao walikuwa wakijenga mahekalu ya Wahindu na ya Wajaini. Waliamriwa kujenga msikiti, wakaujenga kwa mikono iliyofunzwa hekaluni. Sanamu za watu na wanyama waliziacha, kwa kuwa dini ya Kiislamu haizikubali mahali pa sala. Badala yake wakachonga maua, majani, na taa zilizoning'inizwa kwa minyororo, yote katika jiwe. Kwa hiyo msikiti huo haufanani na misikiti ya Uarabuni wala ya Uajemi. Ulikuwa na minara miwili mirefu, nayo ikaanguka katika tetemeko kubwa la nchi la mwezi wa Juni mwaka 1819. Vikonyo vyake vyaonekana hata leo, kila upande wa tao la kati.

Karibu na msikiti yako makaburi ya Sultani Ahmad mwenyewe, na ng'ambo ya barabara yako ya malkia. Soko limeyabana pande zote. Soko hilo, Manek Chowk, lina tabia ya pekee: asubuhi ni la mboga, mchana ni la masonara, na usiku meza za dhahabu zikiisha kufungwa huletwa majiko na masufuria, watu wakala hata saa sita na saa saba za usiku. Mtu mwenye njaa na asiye na fedha nyingi afike usiku.

Kutoka sokoni njia huingia katika mitaa ya kale iitwayo pol. Kila pol ilikuwa na mlango wake, uliofungwa usiku na kulindwa, na ndani waliishi watu wa ukoo mmoja, au kazi moja, au dini moja. Njia ni nyembamba hata mtu mwenye mzigo kichwani humbidi mwenziwe ajibanze ukutani. Nyumba zina fremu za mbao, na nguzo za baraza na vishikizo vya roshani vimechongwa kwa nakshi ambazo aliyeona milango ya Lamu na Unguja atazitambua kama mtu anavyotambua sura ya jamaa; na si ajabu, maana baadhi ya milango ya pwani yetu ilichongwa na mafundi wa Kihindi. Chini ya nyua za nyumba nyingi limo tangi la kuweka maji ya mvua. Na penye nafasi kidogo, njia zinapokutana, hapakosi mnara mwembamba uliojengwa kwa ajili ya ndege, wenye kijumba juu ambamo watu huweka nafaka kila siku. Wenyeji husema kwamba waliokata miti ili wajenge nyumba zao waliona wana deni kwa ndege.

Nyumba hizo za mbao zilipata mtihani tarehe 26 Januari mwaka 2001, nchi ilipotetemeka tena. Katika mitaa mipya ya mji majengo kadhaa ya ghorofa, ya saruji na chuma, yaliporomoka na kuwafukia watu. Katika mitaa ya kale zilipasuka kuta nyingi, lakini nyumba nyingi zilisimama, kwa sababu boriti za mbao zilizofungwa ndani ya kuta huiacha nyumba ipinde kidogo bila kuvunjika. Adui wake mkubwa si tetemeko. Vijana wamehamia ng'ambo ya mto penye nafasi ya kuweka motokaa. Wazee hubaki na paa linalovuja. Kisha huja mfanya biashara akanunua nyumba aifanye ghala, na mwingine akanunua nguzo zake zilizochongwa, akazing'oa na kuziuza mbali. Mwezi wa Julai mwaka 2017 shirika la UNESCO liliuandika mji wa kale wa Ahmedabad katika orodha ya urithi wa dunia, nao ukawa mji wa kwanza wa India kupata heshima hiyo. Ni heshima kubwa. Lakini heshima peke yake haizibi paa.

Yafaa kuwataja wanawake waliojenga, maana vitabu vya safari huwapita upesi mno. Gujarat ni nchi ya ukame, na maji yake ya chini yako mbali, kwa hiyo watu wa kale walichimba visima vya ngazi. Si visima vya kamba na ndoo tu. Mtu hushuka kwa miguu, ghorofa baada ya ghorofa, katikati ya nguzo na kuta zilizochongwa, mpaka ayakute maji, na kila akishuka hewa huzidi ubaridi. Kisima cha mtaa wa Asarwa kilijengwa na bibi aliyeitwa Bai Harir, wa nyumba ya kifalme ya Sultani Mahmud Begada. Ukutani yameandikwa maneno ya Kisanskriti na ya Kiarabu, ili kila msafiri, wa dini hii au ile, ajue kwamba maji ni yake. Cha Adalaj, kaskazini ya mji, mwendo wa maili kumi na moja hivi, kina ghorofa tano, na kinamtaja Ruda, mke wa chifu wa Kihindu, katika maandishi ya mwaka 1499. Hadithi husema kwamba Sultani alimwua mumewe akataka kumwoa. Naye akakubali kwa sharti kisima kimalizwe kwanza, na kilipomalizwa akajitupa ndani. Na hekalu kubwa la Wajaini, la marumaru nyeupe, lililokamilika mwaka 1848, lilianzishwa na tajiri aliyeitwa Hutheesing; akafa kazi ikiwa bado, na aliyeimaliza ni mkewe, Harkunvar.

Wageni wengi huenda moja kwa moja kwenye makao ya Mahatma Gandhi kando ya mto, na hawakosei. Gandhi, aliyekuwa amekaa Afrika ya Kusini miaka mingi mpaka mwaka 1914, aliishi mahali hapo tangu mwaka 1917, na ndipo alipoanzia matembezi yake ya kwenda pwani kuchukua chumvi, tarehe 12 Machi mwaka 1930. Ni nyumba ya kawaida kabisa, ina gurudumu la kusokotea pamba na meza ya chini ya kuandikia. Aliapa kwamba hatarudi kukaa hapo mpaka nchi yake ipate uhuru.

Sasa turudi kwa wale watu waliochukuliwa na vyombo.

Waarabu na Wahindi waliwaita Waafrika Habshi, yaani Wahabeshi, hata wale ambao kwao hakukuwa Uhabeshi kamwe. Jina la pili lilikuwa Sidi. Wengi walivuka bahari wakiwa watumwa, na hilo halifai kufichwa. Lakini utumwa wa nyumba za kifalme za Bara Hindi ulikuwa na njia ambayo watumwa wa mashamba ya ng'ambo nyingine hawakuipata: mtumwa alifunzwa silaha, akawa askari, na askari hodari aliweza kuachwa huru, akapewa nchi na watu wa kuongoza. Malik Ambar, aliyezaliwa Uhabeshi karibu na mwaka 1548 na kuuzwa mara kadhaa, aliishia kuwa mtawala wa Ahmednagar kwa niaba ya mfalme wake, akawazuia Wamogoli kwa miaka mingi. Huo ni mji mwingine, mbali na Ahmedabad. Majina tu ndiyo yaliyokuwa yakifanana.

Huko Ahmedabad, karibu na stesheni ya gari la moshi ya Kalupur, iko minara miwili ya ghorofa tatu tatu, nayo yasemekana ni ya Sidi Bashir, mtu wa Sultani Ahmad; wengine humpa sifa hiyo mkuu mwingine. Msikiti wenyewe uliharibiwa katika vita vya mwaka 1753. Imebaki minara na tao lililo kati yake. Ajabu yake ni kwamba mnara mmoja ukitikiswa kwa nguvu za mikono, baada ya kitambo kidogo wa pili nao hutikisika, na tao la katikati limetulia. Siku hizi mgeni haruhusiwi kupanda na kujaribu, na hilo ni jambo la busara.

Habari za Sidi Saiyyed si nyingi. Yasemekana kwamba alipitia Yemeni kabla ya kufika Gujarat, akawatumikia wakubwa wa ufalme, akapata mali. Kwamba alihiji Maka, aliwalisha maskini, na alikuwa na vitabu vingi. Katika uzee wake wa heshima alijenga msikiti kwenye ukuta wa ngome ya Bhadra. Ulikuwa mwaka 1572 hata 1573, na mwaka huo huo majeshi ya Akbar, mfalme wa Wamogoli, yaliingia Ahmedabad, na ufalme wa masultani wa Gujarat ukaisha. Yaani Mhabeshi huyu alikuwa akiweka madirisha wakati nyumba ya mabwana zake ikianguka.

Msikiti ni mdogo. Matao yake ni yenye ncha, na nafasi za juu za kuta zimejazwa mawe ya rangi ya manjano yaliyotobolewa. Madirisha ya pembeni yamegawanywa miraba midogo, kila mraba na nakshi yake. Lakini katika ukuta wa kibla yamo mawili yasiyo na miraba. Katika lile lililo mashuhuri, mti mmoja huinuka kutoka chini, matawi yake yakajisokota na kujipinda, yakapishana juu na chini kama uzi katika kitambaa, na katikati yake umeinuka mtende. Hakuna upande wa jiwe ulioachwa mtupu, wala mahali ambapo macho hupotea. Wavu huo wote ni jiwe. Waashi walioushika nyundo majina yao hayakuandikwa. Bila shaka walikuwa mafundi wa Gujarat, wana wa wale wa Msikiti wa Ijumaa. Sidi Saiyyed ndiye aliyewaita na kuwalipa. Tao la katikati, mahali ambapo pangetazamiwa kuwa na dirisha zuri kupita yote, limezibwa kwa jiwe tupu, na watu wengi hudhani kazi ilikatizwa na msukosuko wa mwaka ule.

Kisha zikaja zamani za kusahauliwa. Wakati wa utawala wa Wamaratha msikiti haukutunzwa. Wakati wa Waingereza uligeuzwa ofisi ya serikali ya wilaya, na watu walikwenda huko kwa mambo ya kodi na ardhi, si kwa sala. Laiti hali hiyo ingaliendelea miaka hamsini zaidi, hapana ajuaye kama mti ule wa jiwe ungalikuwapo. Lord Curzon, aliyekuwa mwakilishi wa mfalme wa Uingereza huko India tangu mwaka 1899 hata 1905 na mtu aliyependa sana majengo ya kale, aliamuru ofisi iondolewe. Leo ni msikiti tena, nao hulindwa na serikali ya India.

Wajukuu wa Waafrika wale bado wapo Gujarat. Husema Kigujarati, huvaa kama jirani zao, na wengi ni watu wa hali ya chini. Huko Ratanpur, penye vilima vya akiki, huzuru kaburi la Bava Gor, walii wao Mwafrika, ambaye kumbukumbu yake imeungana na biashara ya zile shanga zilizokuwa zikiletwa pwani kwetu. Siku za sikukuu hupiga magoma na kucheza, nazi ikarushwa juu na kupokewa kwa kichwa, ikapasuka. Mchezo huo wauita goma. Lugha za mababu zao wamezisahau karibu zote, lakini neno hilo lingalipo, na mtu wa Mombasa au wa Machakos hahitaji mkalimani kulielewa.

Mwenye kupata nafasi ya kufika Ahmedabad asiende msikitini mwa Sidi Saiyyed asubuhi, kama wafanyavyo wageni walio na haraka. Ukuta wa kibla huko hutazama magharibi. Baada ya saa kumi, jua likianza kushuka, mwanga hupenya katika jiwe, na kivuli cha ule mti na mtende wake huanguka sakafuni, mbele ya watu waliokuja kusali alasiri.